Wifi Yangu, Waya wa Mume Wangu

Mume wangu alifanya kazi reli tangu ujana hadi alipostaafu, na kazi yake ilikuwa nyaya za simu. Mto Mkondoa ukifurika na kuangusha nguzo kati ya Munisagara na Kidete, yeye na wenzake ndio walioitwa kwenda kuzisimamisha na kuunga waya uliokatika, ili stesheni moja iweze kuiuliza nyingine kama treni imeshapita. Alikuwa akiondoka nyumbani na plaizi mfukoni, anarudi baada ya siku kadhaa ana matope hadi kwenye kope. Alipostaafu tulihamia nyumba yetu ya Mabwerebwere, hapa hapa Kilosa mjini, na plaizi akaja nazo. Alikuja pia na imani ambayo hakuna mtu angeweza kumwondolea: kitu kinachopita hewani bila waya si cha kutegemea.

Mimi nilikuwa upande wa pili. Nina kibanda cha steshenari mbele ya nyumba. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watoto wa watu maombi ya vyuo mtandaoni. Kazi yote hiyo iliendeshwa na kidude cheupe kinachorusha intaneti, chenye laini ya simu ndani yake na ukubwa wa kipande cha sabuni. Kidude kilikuwa na tabia zake. Kikikaa mezani, kinalala. Kikikaa dirishani, kinaamka. Siku moja mwanafunzi aliyechoka kungoja akanishauri nikilaze ndani ya sufuria kubwa, na sufuria niigeuzie mdomo kule mnara uliko, eti itakusanya mawimbi. Nilimcheka, ila alipoondoka nikajaribu, na fomu iliyokuwa imegoma tangu asubuhi ikafunguka papo hapo. Tangu siku hiyo sufuria yangu ya pilau ikahamia kazini.

Mteja akifika alikuwa anauliza kwanza, "Mama, wifi ipo?" Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa sababu nyumbani kwangu tunaishi na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mwenye heshima zake na mwepesi wa kusikia akitajwa hata pale asipotajwa. Asubuhi moja mume wangu aliniuliza nikiwa jikoni kwa nini sijafungua kibanda. Nikamjibu kwa sauti, "Nifungue nifanye nini? Leo wifi haifanyi kazi kabisa. Tangu kumekucha imelala tu."

Upande wa pili wa ukuta ungo ulianguka.

"Mimi?" wifi yangu akatokea mlangoni, mikono kiunoni. "Mimi nimelala? Nimefagia uwanja wote, nimefua, sasa hivi nachambua mchele mnaotaka kula!"

"Si wewe, wifi. Nasema wifi ya mtandao."

"Mtandao gani? Mimi sina mtandao na mtu yeyote. Nimeishi na watu vizuri tangu Kidete."

Ilichukua chai na maandazi kuumaliza ugomvi huo. Tukakubaliana kidude kiitwe kidude. Lakini wateja hawakuwa sehemu ya makubaliano, na kila aliyesimama dirishani akiuliza kama wifi ipo, wifi yangu alimjibu kutoka ndani, "Nipo! Unasemaje?"

Kisha vijana wa kampuni moja ya intaneti wakapita mitaani wakiandikisha watu wanaotaka kuvutiwa faiba majumbani. Mume wangu alikuwa amekaa nje akisikiliza redio. Aliposikia kwamba faiba ni waya, akazima redio. Akakubali kabla hawajamweleza kitu kingine chochote.

Siku ya kuvuta waya aliwapikia uji, akawashikia ngazi, akawasahihisha walivyosimama. Mwishowe akamwuliza mmoja wao, "Hii ndani ni shaba?"

"Hapana mzee. Ni kioo."

"Kioo gani kinachokunjika?"

Kijana akamkatia kipande, akamchunia ganda, akamwonyesha uzi mwembamba kuliko unywele. "Mwanga ndio unaopita humu, mzee."

Mume wangu alikigeuzageuza kile kipande juani. Kisha akanigeukia mimi, si kijana. "Umesikia? Hata mwanga umetafutiwa waya." Alisema hivyo kama mtu aliyeshinda kesi.

Ili ufike kwetu, waya ulipaswa kupita juu ya uwanja wa jirani yetu, mama mwenye watoto wengi na nguo nyingi za kufua. Jirani alikubali bila neno. Kwa kuwa hapakuwa na nguzo ya kati, waya ulining'inia chini kidogo pale kwake, na mume wangu akaahidi kusimamisha nguzo mvua zikipungua. Haukupita muda jirani akaona ana kamba nzuri iliyonyooka, isiyoshika kutu, bure. Akaanika kanga. Mume wangu akaenda kumweleza kwa upole kwamba ile si kamba, kwamba ndani yake unapita mwanga.

"Kumbe!" jirani akasema. "Ndiyo maana zinakauka upesi."

Lazima niseme ukweli, ile faiba ilikuwa na mbio. Kurasa zilifunguka kabla sijamaliza kubonyeza. Sufuria ilirudi jikoni. Jioni mume wangu alisogeza kiti karibu na kile kisanduku cha ukutani, akatazama taa zake za kijani zikipepesa, ametulia kama mtu anayeota moto.

Tukiwa katika raha hiyo, kijana wetu akatuletea habari za kuoa. Anafanya kazi Mikumi, mpishi katika hoteli ya watalii, na huko alikuwa amempata binti wa mzee mmoja anayeziba pancha za malori kando ya barabara kuu. Tulituma mshenga na barua ya posa kama inavyotakiwa. Mshenga akarudi na maneno mazuri yenye mkia: familia haina kinyongo, ila bibi wa binti, mama yake yule mzee wa pancha, amesema hawezi kumtoa mjukuu wake kwa watu ambao hajaziona nyuso zao. Waje wazee wenyewe. Atawatazama, ndipo jibu litoke.

Tukajiandaa kwenda. Masika nayo ikajiandaa. Barabara ya Kilosa na Mikumi ilifunikwa na maji, magari yakawa yanaishia njiani. Ya Dumila ilikuwa tope tupu. Ilibaki treni hadi Morogoro, halafu basi, lakini wifi yangu ana magoti mabovu, na bila yeye, aliye mkubwa wa ukoo, safari haikuwa na maana. Tukiwa bado tunapiga mahesabu, mzee wa Mikumi akapiga simu.

"Ndugu zangu, kwani lazima muogelee? Si tuonane kwa video? Mama anataka nyuso. Nyuso zinapita hata kwenye simu."

Mume wangu hakutaka hata kushauriana. "Upande wetu msiwe na wasiwasi," akasema. "Sisi tuna waya."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, asubuhi ikatoa jua. Mume wangu alivaa kanzu na koti. Wifi yangu alivaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Niliweka kompyuta yangu juu ya meza, nikaitandikia kitambaa cha kufuma, nikampigia kijana wetu kwa majaribio, tukamwona hadi chunusi. Jikoni sufuria kubwa ilikuwa imejaa pilau ya kusherehekea. Muda mfupi kabla ya saa tuliyopangiana, taa moja ya kisanduku ikawa nyekundu.

Tulitoka mbio. Katikati ya uwanja wa jirani, mwenye uwanja amesimama kwenye matope, ameshika kichwa. Paa lake lilikuwa limevuja usiku, mablanketi yote yamelowa, na alipoona jua akayaanika yote kwa mpigo. Waya ulikuwa chini, umekatika, umelala chini ya blanketi zito lenye picha ya simba.

"Jamani, nilijua huu waya una nguvu," akasema, akikaribia kulia. "Si mlisema unabeba dunia nzima?"

Mume wangu alisogea kwenye waya. Alipiga magoti na kanzu yake, akatoa plaizi kwenye mfuko wa koti. Alishika ncha moja, akashika ya pili, akachuna ganda kama alivyochuna nyaya maisha yake yote, akazisokota pamoja. Ukasikika mlio mdogo sana. Akafungua vidole na kutazama.

"Kimevunjika," akasema.

Aliinuka polepole, bila yeye wala mimi kujua kwamba miwani yake imedondoka na kubaki kwenye matope. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia siku hiyo, na nayashukuru meno yangu kwa kuyazuia. Niliingia jikoni, nikamimina pilau yote kwenye beseni, nikafuta sufuria, nikatafuta kidude changu.

Ndani ya nyumba kidude hakikushika kitu. Mahali pazuri palikuwa nje, kwenye kona karibu na dirisha la sebuleni, tena juu kidogo. Nikapanda kwenye kigoda, nikaiweka sufuria begani, mdomo wake nikauelekeza mnarani. "Imeshika!" mume wangu akaita kutoka ndani. "Hapo hapo! Usitingishike!" Ndivyo ilivyotokea kwamba siku ya posa ya mwanangu wa kwanza nilisimama nje ya nyumba yangu, nimevaa dera la sherehe, nimebeba sufuria kama mtu anayesubiri maji ya mvua, na sikuona chochote. Nilisikia tu.

Yaliyokuwa yakitendeka upande wa Mikumi tuliyajua baadaye. Ndani ya nyumba yao pia mtandao ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo waliweka simu barazani juu ya stuli, wakaiegemeza kwenye sinia la ndizi zilizoandaliwa kwa heshima ya tukio. Mzee wa pancha akatuunganisha, akatukaribisha, akasema tungoje kidogo wamtoe bibi. Halafu wote wakaingia ndani kumsaidia na kiti chake. Baraza ikabaki tupu. Na pale Mikumi, kwenye nyumba zilizo karibu na hifadhi ya wanyama, ndizi haziachwi bila mtu.

"Ameshakaa," nikamsikia wifi yangu ndani. Macho yake yana mtoto wa jicho, na hapendi watu wajue.

"Yuko wapi? Picha inakatikakatika."

"Si huyo mbele yako? Amevaa kitu cha kahawia."

Mume wangu akakohoa, akaweka sauti yake ya misibani na harusini. "Shikamoo, mama."

Kimya.

"Shikamoo, mama!"

Kimya, na ndani ya kimya sauti ya kutafuna.

"Haitikii," mume wangu akanong'ona.

"Mtu mzima huyo. Labda hasikii."

"Mbona ananitazama machoni kabisa? Shikamoo, mama!"

"Anakula," wifi yangu akasema. Sauti yake ilianza kubadilika. "Watu wanamwamkia, yeye anakula. Tena kichwa wazi."

"Wametuita watudharau," mume wangu akasema. Nilimjua kwa sauti ile. Hakuwa amekasirika, alikuwa ameumia. "Mama watoto! Zungusha sufuria kidogo, picha ije vizuri."

Nikazungusha.

"Mh," wifi yangu akasema. Halafu tena, taratibu, "Mh. Mdogo wangu, huyu mama ana ndevu."

Sikuweza kuvumilia. Nikajipinda, sufuria ikiwa bado begani, nikachungulia dirishani. Kwenye kioo cha kompyuta, amekaa vizuri, mkono mmoja juu ya goti, mwingine na ndizi, alikuwepo nyani dume mkubwa, akimtazama mume wangu kwa makini kama hakimu.

"Baba watoto, huyo ni nyani!"

Mume wangu akanigeukia kwa ukali ambao sijauona tena. "Mke wangu! Hata kama hajaitikia, usimtukane mama wa watu!"

Wakati huo huo kelele zikalipuka Mikumi. Tulisikia fagio likipiga kitu, kuku wakilia, mtu akipiga mayowe. Picha ikazunguka, tukaona paa, tukaona mguu, kisha anga yenye wingu moja. Ikatokea sauti ya bibi kizee, nyembamba na yenye uchovu, ikija kutoka ndani ya nyumba.

"Marahaba! Marahaba, baba! Naitikia tangu nikiwa chumbani, mbona mtu anaamkia hanyamazi?"

Simu ikaokotwa. Uso wa mzee wa pancha ukatokea, amebana midomo, machozi yanamlengalenga. "Samahani sana ndugu zangu," akasema. "Kulikuwa na... kulikuwa na mgeni hapa." Akashindwa kuendelea. Akaigeuza simu, na hatimaye tukamwona bibi mwenyewe, mdogo mno ndani ya kanga zake. Mtu akamnong'oneza sikioni. Alinong'onezwa kwa muda mrefu. Kisha akaisogelea simu.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamwamkia nyani?"

"Ni mimi, mama," mume wangu akasema. Alikuwa amekaa wima kama mtoto wa shule.

"Na alipokunyamazia hukumtukana?"

"Hapana, mama. Nilihuzunika tu."

Bibi akacheka. Alianza bila sauti, mabega tu, halafu ikamtoka kicheko kikavu kilichomalizikia kwenye kikohozi, wakampa maji. "Basi," akasema alipopata pumzi. "Mtu aliyemvumilia nyani atamvumilia mjukuu wangu. Naye huwa haitikii upesi."

"Bibi!" sauti ya msichana ikatoka ndani ya nyumba.

Kwa wifi yangu, mambo yalikuwa yamekwisha pale. Lakini mzee wa pancha ni mtu wa taratibu. Alirudi mbele ya simu, akarekebisha kofia, akakohoa. "Kwa niaba ya ukoo wetu," akasema, "kuhusu posa yenu, tumekaa, tumetafakari, na jibu letu ni..."

Nikaona taa ya kidude ndani ya sufuria inazimika. Bando lilikuwa limeisha. Video ni mlafi, imemeza data ya wiki nzima ya steshenari yangu, na sehemu kubwa ya hiyo tulikuwa tumemtazama nyani akila.

Niliposhuka na kuingia ndani nilikuta watu wawili wameinamia kompyuta. Picha ilikuwa imeganda, mzee wa pancha amefungua mdomo nusu.

"Alisema ni nini?" nikauliza.

"Alisema 'jibu letu ni'," mume wangu akajibu.

"Mdomo huo ni wa 'ndiyo'," wifi yangu akasema, pua yake ikigusa kioo.

"Ungekuwa wa 'ndiyo' tungeona meno. Huu ni wa 'hapana'."

"Kwani 'hapana' haina meno?"

Wakajaribu wote wawili, wanakabiliana, mmoja anasema ndiyo, mwingine anasema hapana, wanatazamana midomo. Mimi nikachukua simu ya kawaida nikapiga Mikumi. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Ya mume wangu nayo nikajaribu, ikawa hivyo hivyo. Mume wangu akaninyang'anya simu zote mbili taratibu, akaziweka mezani.

"Wanatupigia sisi, na sisi tunawapigia wao," akasema. "Mmoja lazima anyamaze."

Tukakaa, tunazitazama. Sijawahi kuona simu ikikaa kimya namna ile. Ilipoita, mume wangu aliipokea kwa mikono miwili na kuweka sauti kubwa. Mzee wa pancha hakuuliza tulikoishia. Alianza upya yote, kwa niaba ya ukoo, tumekaa, tumetafakari, na wakati huu akafika mwisho: wamekubali. Wifi yangu akapiga kigelegele kilichonipasua masikio. Ng'ambo ya ua jirani akakipokea kwa nguvu zote, bila kujua kuna nini, nadhani kwa kujihisi amesamehewa.

Pilau tulikula kwenye beseni.

Wiki iliyofuata vijana wa faiba walikuja na mashine yao ya kuunganishia kioo. Mume wangu alichimba shimo, akasimamisha nguzo ndefu kuliko paa la jirani, na akamnunulia jirani kamba halisi ya kuanikia. Maji yalipopungua tukaenda Mikumi, wote watatu, kwa gari la kukodi lililoruka kila shimo. Tulipokelewa vizuri sana. Bibi alimkalisha mume wangu karibu naye, wakaongea mchana kutwa habari za mashamba ya mkonge na za watu waliokwisha kufa. Mimi nilipelekwa chumbani kumwona mkwe wangu. Tulijaribu kutazamana kwa adabu, tukashindwa, tukacheka hadi tukakaa kitandani.

Wakati wa kurudi, wifi yangu amelala siti ya nyuma, nilimwuliza mume wangu kwa nini siku ile kutoitikiwa kulimwumiza kiasi kile.

"Kule reli," akasema, "stesheni ukiiita isipoitikia, unajua kuna jambo. Mwaka mmoja wa mafuriko Kidete haikuitikia mchana kutwa. Nikatumwa niufuate waya. Nilitembea moyo uko mdomoni, nawaza nitakuta nini. Naingia stesheni, namkuta mwenzangu mzima kabisa, amekaa na mkonga wa simu sikioni, sauti imemkauka. Na yeye alikuwa anatuita sisi tangu asubuhi, anadhani sisi ndio tumekufa."

"Mkafanya nini?"

"Tukaangaliana," akasema. "Halafu akabandika maji ya chai."